Nana Yuko Kijijini Kwake

Sehemu ya kumi na moja

Tulimwacha Dufie ameshika kishikio cha droo ya chuma ndani ya mochwari ya hospitali ya mkoa, na wewe msomaji tulikuacha umelishika gazeti kwa mikono miwili kama mtu anayechelea kuporwa. Pole. Wiki nzima si mchezo. Haya, vuta pumzi, naye avute droo.

Akavuta.

Uso uliokuwa mle ulikuwa wa Nana Amoakwa, chifu wa Adukwaa.

Si mtu aliyefanana naye. Si binamu yake. Ni mwenyewe, na yale masikio yake mapana ambayo watoto wa shule waliyatungia wimbo wakauimba kwa siri. Alikuwa amefumba macho kama mtu aliyechoshwa na hotuba. Kadi iliyoning'inia nje ya droo ilisema: Yaw Mgeni.

Dufie hakutazama chini ya kidevu. Aliisukuma droo kwa nguvu ikajifunga kwa kishindo, na kishindo kikazunguka chumba kizima kabla ya kuondoka.

"Basi umemwona mgeni wangu," alisema Mjomba Ntim, mlinzi wa mochwari, huku akitafuna mswaki wa mti. "Mimi nina maiti zisizo na ndugu, haziletewi hata maji. Huyu anapigiwa magoti na watu waliovaa dhahabu. Nikajiuliza, Yaw Mgeni huyu ni mgeni wa wapi?"

"Yuko hapa tangu lini, Mjomba?"

"Tangu kabla ya mvua."

Dufie akaegemea ukuta. Ukuta nao ulikuwa wa baridi, akajitoa.

"Leo alfajiri amezungumza," alisema.

Mswaki wa Mjomba Ntim ukasimama mdomoni.

"Kwenye vipaza sauti vya mji. Adukwaa nzima tumemsikia. Amemshukuru Mkuu wa Wilaya kwa zahanati ya wazazi. Amesema ameingia ndani, amegusa vitanda kwa mkono wake."

Mjomba Ntim aliitazama droo, kisha akalitazama tumbo la Dufie, lililokuwa limetangulia mbele yake kama mtu wa pili. "Nawe na mzigo huo umekuja kufungua maiti. Mama yako hakukufunza?"

Alimfunza. Mjamzito hatazami maiti, kila mtu anajua. Dufie alikuja akiomba Mungu amkute mgeni wa kweli, mtu wa mbali asiyemhusu. Sasa alipoweka kiganja tumboni, mtoto aliyekuwa akipiga mateke njia nzima alikuwa ametulia tuli.

Kwa aliyedandia hadithi leo, shika hapa. Dufie ndiye kiongozi wa Jicho la Adukwaa, kikundi cha wananchi wanaofuatilia kila sedi ambayo mkoa unaiteremsha wilayani, waone imeangukia wapi. Mkoa ulileta fedha za zahanati ya uzazi. Kwa mujibu wa taarifa, zahanati ina paa, ina vitanda, ina hata feni. Kwa mujibu wa macho, ina kibao cha mradi na nguzo nne katikati ya shamba la magimbi, na kwenye nguzo mojawapo amefungwa mbuzi. Alasiri ya siku hiyo kulikuwa na mkutano wa hadhara wa kuupokea mradi. Mji ukipokea, basi, imekwisha: Adukwaa inahesabiwa ina zahanati mpaka parapanda ilie, na wanawake wake waendelee kuzalia njiani. Mtoto wa kwanza wa Dufie alizaliwa nyuma ya lori, juu ya makreti ya nyanya. Huyu wa pili alikuwa amebakiza wiki chache, na lori lile lilishauzwa.

Wewe utasema: si aseme tu kwamba chifu amekufa, yaishe?

Rahisi kwako, uko kwenu na gazeti lako. Adukwaa chifu hafi. Chifu huenda kijijini kwake. Mpaka Malkia Mama, dada wa chifu, atamke mwenyewe na ngoma zipinduliwe, hilo neno halina mdomo wa kulisema. Atakayelisema atatoa kondoo, atatoa pombe ya tambiko, kisha atahama mji. Hiyo ndiyo adhabu ya siku hizi, ya kistaarabu. Zamani mwenye mdomo huo alifungishwa safari pamoja na Nana, akambebee mizigo huko aendako. Na tangu uvumi uanze kwamba Nana yuko kijijini, wanaume wa Adukwaa, wenye mapanga na vifua, walikuwa hawaendi shambani mmoja mmoja.

Nje ya hospitali, Bra Tawia alikuwa kivulini mwa ukuta anamalizia kenkey, lile donge la unga wa mahindi linalofungwa kwa majani, na samaki. Huyu ni katibu wa Jicho la Adukwaa, mwalimu aliyeacha chaki akauza vocha za simu, ndiye aliyekianzisha kikundi pamoja na Dufie tangu wakiwa watu wawili na baiskeli moja.

"Ni yeye?" aliuliza.

"Yuko kijijini kwake."

"Kijiji chenye barafu?"

"Droo ya chini kabisa. Wamemwita Yaw Mgeni."

Bra Tawia alifuta vidole, kimoja kimoja, kwa jani la kenkey. Hakucheka, naye ni mtu wa kucheka hata msibani.

"Dada, tuliache hili," alisema. "Kijiji hicho nimekiona kwa nje, kina nafasi nyingi. Na mkutanoni utasema nini? Neno lenyewe hulisemi."

"Sitalisema."

"Atalisema nani?"

"Mdomo wake."

Mdomo wa chifu, katika nchi hiyo, ni mtu. Nana hasemi na watu moja kwa moja, wala watu hawasemi naye. Kuna msemaji, mwenye fimbo yenye kichwa cha dhahabu. Maneno huingia kwake makavu, yakatoka yamepambwa. Msemaji wa Adukwaa alikuwa mzee Gyasi, na nyumbani kwake Dufie alimkuta mkewe, Maame Birago, amekaa nje kwenye kigoda, juani, na sufuria juu ya kuni kando. Alikuwa amehamisha jiko.

"Msemaji yumo, Maame?"

"Yumo mtu. Ingia umwone. Mimi siingii."

"Mmegombana?"

"Niliolewa na Gyasi," alisema Maame Birago bila kuinua macho kwenye mboga. "Sikuolewa na chifu. Ngoja akusalimie, utanielewa."

Dufie akavua viatu, akapiga hodi, akaingia. Chumba kilikuwa na giza la mapazia. Mzee alikuwa amekaa ukutani, amejifunika shuka mpaka mabegani.

"Karibu, binti wa Manu. Umefika na jua."

Magoti ya Dufie yalitaka kupiga yenyewe. Hiyo sauti. Nzito, ya polepole, inayokokota mwisho wa neno kama mtu anayekokota kiti. Alikuwa ametoka kumwona mwenye sauti hiyo, na midomo yake ilikuwa imefungwa.

Na humo tumboni, kwa mara ya kwanza tangu mochwari, mtoto akapiga teke. Kubwa. Kama mtu aliyeitwa.

"Msemaji Gyasi," alisema Dufie taratibu, "ni wewe?"

"Ni mimi. Kaa." Mzee alijishika koo. "Usiogope. Au ogopa, mimi mwenyewe naogopa. Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Ofosuhene, alikuja akasema, Nana yuko kijijini, lakini mradi haungoji. Akasema, wewe unamjua Nana anavyoongea, ongea mara moja tu, kwenye kipaza sauti. Maisha yangu yote nimekaa miguuni pake. Najua anapomeza mate. Nikaongea. Nilipomaliza nikamwita mke wangu aniletee maji, akatoka mbio na kanga moja."

"Na sauti yako?"

"Naitafuta. Asubuhi najaribu kukohoa kwa sauti yangu, kinatoka kikohozi chake. Labda ameondoka nayo."

Nje, kijiko cha Maame Birago kiligonga sufuria, kikanyamaza.

"Leo mkutanoni utasema nini, Mzee?"

"Nitakachoambiwa."

"Na nani?"

"Na Nana." Wakatazamana. Mzee akacheka, na kicheko nacho hakikuwa chake, akakikata katikati. "Binti yangu, nisikilize. Usiniulize kitu mbele za watu. Ukiniuliza, sauti hii itajibu, na itajibu walichoifundisha. Siiwezi."

"Basi sitakuuliza wewe."

Alitoka. Maame Birago alimtazama usoni, akamsogezea kigoda, na Dufie akakaa.

"Kuna kitu kimoja tu ambacho msemaji hamjibii chifu wake," alisema Maame Birago kwa sauti ya chini. "Kimoja."

"Nakijua," alisema Dufie.

"Kinaua, mwanangu."

"Hata lori la nyanya linaua, Maame."

Alasiri, uwanja mbele ya ikulu ya chifu ulijaa maturubai na viti vya plastiki. Mbele kulikuwa na kiti cha Nana, kitupu, kimetandikwa shuka yake ya kente ili kisionekane kitupu. Kulia kwake alikaa Malkia Mama na wanawake wake, ametulia kama jiwe la kusagia. Kushoto, Mheshimiwa Ofosuhene, Mkuu wa Wilaya, katika shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likawa na makali. Huyu kitovu chake kimezikwa Adukwaa, ila yeye mwenyewe amelelewa na viyoyozi vya mji mkuu. Mila alizijua kama unavyojua wimbo wa redio, kiitikio tu.

"Ndugu zangu," alisema kwenye maikrofoni, "wapo wanaosema zahanati haionekani. Hao nawashauri wakapimwe macho. Wakapimwe hapo hapo zahanati."

Waliopewa chakula cha mchana wakacheka.

Dufie alisimama. "Mheshimiwa, mimi nimekwenda jana. Nimemkuta mbuzi."

"Hongera. Huyo ndiye mgonjwa wetu wa kwanza."

Wakacheka hata ambao hawakula. Bra Tawia, aliyekaa pembeni ya Dufie, alikuwa anatazama simu yake aliyoificha mapajani.

Mheshimiwa akainua karatasi juu. "Na kama huamini macho yangu, amini kidole hiki. Dole gumba la Nana Amoakwa. Amelitia juzi kwa mkono wake wa kulia, wino haujakauka vizuri. Msemaji, tuambie Nana amesemaje."

Juzi. Dufie akahesabu siku nyuma mpaka kabla ya mvua. Sauti mtu anaweza kuiazima. Dole gumba linaazimwaje?

Msemaji Gyasi alisimama, akaegemea fimbo yake, akafumbua mdomo.

"Watu wa Adukwaa. Nimeingia. Nimegusa vitanda. Nimeridhika."

Upepo wa hofu ukapita kwenye viti. Wazee wa mbele, bila kujua wanafanya nini, waliinama wakavua viatu, maana mbele ya Nana hukai na viatu. Miguu yao ilikuwa imeitambua sauti kabla ya akili. Mwanamke mmoja akaanza kulia, akajiziba mdomo kwa kitambaa. Kila mtu alimtazama jirani yake kuona kama naye anajua. Wote walijua. Hakuna aliyejua.

"Ahsante, Nana," alisema Mheshimiwa, akiwa ameangalia kiti kitupu na kuinama kidogo. "Wanaopokea mradi wanyooshe mikono."

Mikono ikaanza kupanda. Michache kwanza, ya waliolipwa. Kisha ya walioogopa, na hao ni wengi siku zote.

Dufie akavua viatu.

"Dada, usilitaje," alinong'ona Bra Tawia, akamshika pindo la nguo.

"Niachie. Silitaji."

Alitembea mpaka mbele, tumbo likiwa limemtangulia, akasimama kuelekea kile kiti na kente yake.

"Naapa kwa Jumanne ya Mtoni," alisema.

Mikono yote ikaanguka.

Jumanne ya Mtoni ni siku ambayo wahenga wa Adukwaa walizama na kiti chao cha enzi wakikimbia vita. Haitajwi. Hata muuza samaki, siku hiyo ikifika, husema tu "leo." Atakayeitaja amefunga kila kitu: arusi, vita, mkutano, chochote. Hakuna kinachoendelea mpaka chifu atoke, akae, asikilize kwa masikio yake na ajibu kwa mdomo wake mwenyewe. Msemaji haruhusiwi kumjibia. Aliyeapa akionekana mwongo, mji humtema na uzao wake, aliyezaliwa na ambaye bado.

"Naapa kwamba zahanati hiyo haipo, na Nana hajaiona," alisema Dufie. Sauti yake ilifika nyuma. "Kama nimesema uongo, Nana aniambie mwenyewe."

Hata watoto waliokuwa juu ya ukuta walinyamaza, nao ukuta ule haujawahi kunyamaziwa.

"Haya, tumekusikia mama mtarajiwa," alisema Mheshimiwa. "Tuendelee. Mikono juu."

Hakuna aliyesogea.

Mheshimiwa akamgeukia askari wake. Askari alikuwa kijana wa hapo hapo, amekwisha kuvua kofia. "Mheshimiwa, kiapo kimeapwa," alisema.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo Nana aje."

Mheshimiwa alimtazama Msemaji Gyasi kwa jicho la kumsukuma: sema kitu. Mzee alifumbua mdomo, akaufumba. Akaitazama fimbo yake kama anayeiona mara ya kwanza. Kisha akageuka, akapanda ngazi za ikulu, akafungua mlango, akaingia kumwita.

Mlango ukabaki wazi. Ndani kulikuwa na giza, na watu wote walitazama giza lile, kila mmoja akiomba asimwone mtu anatoka na kila mmoja akitamani atoke.

"Nana," ikasikika kutoka ndani.

Maame Birago, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa, aliinua kichwa.

"Nana."

Ilikuwa sauti nyembamba, iliyopasuka, ya mzee mwenye pumu. Haikuwa ya chifu. Maame Birago aliweka mikono miwili juu ya kifua. Alikuwa amemsikia mume wake.

"Nana." Mara ya tatu ilikuwa kama ya mtoto anayemwita mzazi kwenye nyumba ambayo taa zimezimika.

Halafu hakuna kitu. Kitambo. Upepo ukainua pembe ya kente kwenye kiti, watu wa safu ya kwanza wakarudi nyuma na viti vyao.

Msemaji Gyasi akatoka. Mashavu yake yalikuwa yamelowa.

"Nimemwita," alisema kwa sauti yake mwenyewe. "Nana hakuniitikia."

Kutoka upande wa wanawake ulianza mvumo, midomo ikiwa imefungwa, kama nyuki walio ndani ya mti. Wanaume wakateremsha shuka mabegani, kama msibani. Ungedhani mji mzima umevuta pumzi moja na kukataa kuitoa.

Na hapo ndipo mtoto wa viyoyozi alipoteleza.

"Jamani, mlitaka aitikie vipi?" alisema Mheshimiwa Ofosuhene, amekasirika, jasho limeshinda pasi ya shati. "Maiti inaitikia?"

Aliyasema kwenye maikrofoni. Vipaza sauti vikayapokea vikayapeleka sokoni, stendi, shuleni, mpaka kwenye shamba la magimbi alikofungwa mbuzi. Maiti inaitikia. Maiti inaitikia.

Mvumo wa wanawake ukakatika.

Mheshimiwa aliiondoa maikrofoni mdomoni kama mtu aliyegundua ameshika nyoka. Walinzi wa ikulu, ambao siku zote hukaa kama mapambo, walisimama.

Malkia Mama hakupaza sauti. Hajawahi. "Mwanangu," alisema, "hilo umeambiwa na nani?"

"Watu... watu wanasema, Mama."

"Watu gani? Mimi nimekaa hapa nao, hakuna aliyesema."

Macho ya Mheshimiwa yalikimbia huku na huku, yakamwangukia Dufie, yakanasa hapo. "Muulize huyu. Muulize alikuwa wapi leo asubuhi. Amekwenda kufungua droo ya chini, mochwari. Yeye ndiye mwenye kosa. Mjamzito anafungua maiti ya chifu."

Uwanja ukaguna.

Dufie hakuusikia mguno. Alikuwa amebaki kwenye maneno mawili. Leo asubuhi. Safari yake ya asubuhi aliijua mtu mmoja tu mjini, aliyekuwa anakula kenkey.

"Ni kweli, binti wa Manu?" aliuliza Malkia Mama. "Umemwona?"

Hapo, msomaji, usimharakishe. Akikana, mkuu wa wilaya amemtukana tu mtu aliye safarini. Atatoa kondoo wake, mikono itapanda tena, na zahanati ya mbuzi itapokewa. Akikubali, amekiri mbele ya mji kuwa amelitazama lisilotazamwa, yeye na aliye tumboni.

"Nimemwona, Mama," alisema Dufie.

"Leo?"

"Leo asubuhi."

Malkia Mama akainama, akafungua kitambaa chake cha kichwa, akakiweka magotini. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa, tayari, siku nyingi. Wanawake wakapiga yowe moja, refu, lililokuwa limewekwa akiba tangu kabla ya mvua. Kwa hiyo, Adukwaa haikuwa na chifu tena, na aliyelisema, kwa kichwa kile bila mdomo, alikuwa mwenye haki ya kulisema.

Alingoja wamalize. Kisha akanyoosha mkono kwa Mheshimiwa. "Hiyo karatasi."

Akaletewa. Akaikaribisha machoni, akalinusa lile dole gumba, akalipitishia ukucha. Wino ukamshika kidoleni.

"Kaka yangu nilimwosha mimi," alisema. "Nilimfumba macho mimi. Nilimwachia mikono yake yote miwili, na vidole vyake vyote. Hii imetiwa juzi." Akamgeukia Dufie. "Ulipomfunua, mkono wake wa kulia ulikuwaje?"

"Sikuuona, Mama. Niliona uso tu. Nikafunga."

"Basi tutakwenda kuuona. Mimi na wewe, na huyu mwenye karatasi, na mji wowote unaotaka kufuata. Hakuna anayepokea chochote mpaka nihesabu vidole vya kaka yangu." Akasimama, akajishikiza kwenye bega la Dufie. "Na gari tutapanda lako, Mheshimiwa. Lina kiyoyozi, nasikia."

Mheshimiwa Ofosuhene alipapasa mfuko wa suruali kama anayetafuta ufunguo. Akapapasa wa pili. Kisha akatazama kwenye lango, alikoliegesha, na jinsi alivyotazama, Dufie akajua kuwa hakuwa anaogopa gari kutokuwepo. Alikuwa anaomba lisiwepo.

Halikuwepo. Langoni palikuwa na vumbi tu, bado linaning'inia hewani, limeelekea barabara ya mkoani, kule kwenye mochwari.

Dufie akageuka kukitafuta kiti cha Bra Tawia, na kabla hajakiona alikwisha kujua kuwa ni kitupu.